Pumzi ya Kwanza

Leo tungependa kutafakari pamoja nanyi jambo linalotendeka kila siku mijini na vijijini, nasi hatulitii maanani: kilio cha kwanza cha mtoto mchanga.

Mle tumboni mwa mama, mtoto havuti hewa. Mapafu yake yamejaa majimaji. Chakula na hewa humfikia kwa njia ya kitovu, kutoka katika damu ya mama yake. Kwa hiyo moyo wake, ambao huanza kupiga kabla ya kutimia mwezi mmoja tangu mimba kutungwa, una mlango mdogo kati ya vyumba vyake viwili vya juu. Damu nyingi hupita hapo bila kwenda mapafuni, kwa maana huko kazi bado haijaanza.

Kisha saa inafika. Mtoto anazaliwa, anavuta pumzi, analia. Mapafu yanakunjuka, damu inamiminika humo, nayo inaporudi moyoni inausukuma ule mlango, ukajifunga. Mkunga hakuugusa. Mama hakujua kwamba upo. Sisi sote tulivuka hivyo, wala hakuna anayekumbuka.

Mwandishi wa Zaburi ya 139 hakuwa na vitabu vya madaktari, lakini alipoufikiri mwili wake alistaajabu, akamshukuru Mungu. Je, sisi tunaojua zaidi tutashukuru kidogo?

Lakini huenda anatusikiliza mama ambaye mtoto wake alizaliwa na tundu moyoni, nalo halikujifunga. Anauliza, "Na huyu wangu, Mungu alimsahau?" Mama, hatutakujibu kwa maneno mepesi. Twajua tu kwamba wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyekosa. Yesu hakumlaumu yeye wala wazazi wake, bali alimponya. Mwili ulio dhaifu nao ni kazi ya Muumba yule yule. Na mikono ya daktari awezaye kuziba tundu hilo, ni yeye aliyeiumba. Basi usimfiche mtoto nyumbani kwa aibu. Mpeleke hospitali.

Nasi tulio washirika, tusimwache aende peke yake. Tukisema kwamba mwili ni ajabu ya Mungu, na tuonyeshe kwa nauli tutakayomchangia, na kwa zamu tutakayoshika kando ya kitanda. Mwana wa Mungu mwenyewe hakuudharau mwili huu. Naye pia alivuta pumzi yake ya kwanza kule Bethlehemu, akiwa mchanga mikononi mwa mama yake.

Na tuombe. Ee Baba, tunakushukuru kwa pumzi tuliyoivuta sasa hivi bila kuifikiri. Uwakumbuke watoto walio wagonjwa na wazazi wanaokesha. Utufanye sisi kuwa majirani wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.