Bwawa Letu Wakati wa Baridi na Mawingu

Hotuba iliyosomwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Mundika, Busia

  

Sisi wa kikundi cha bwawa tumeombwa tuseme machache juu ya kutunza samaki wakati wa baridi. Tuliposikia ombi hilo tulicheka kidogo, kwa maana hapa Busia hatuna theluji. Lakini tulipokaa tukafikiri, tuliona kwamba hasara kubwa kuliko zote tulizopata katika bwawa letu, tuliipata katika juma moja la baridi na mawingu. Tena hasara ya samaki haikuwa ile mbaya zaidi. Tutawaeleza kama ilivyokuwa, hata pale tulipokosea.

Tulivyoanza

Kufuga samaki si jambo geni katika nchi yetu. Kituo cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1960 wananchi walihimizwa wale samaki zaidi, hata watu wengi wa Magharibi wakachimba vidimbwi vyao. Baadaye, mwaka 2009, Serikali ilianza mpango wa kufufua uchumi. Ilipangwa yachimbwe mabwawa 200 katika kila eneo la bunge, kwa maeneo 140. Bwawa moja lilikuwa la mita za mraba 300, nalo liliwekwa vifaranga 1,000.

Wengi wenu mnajua yaliyofuata. Mabwawa mengi yalivunwa mara moja au mbili, kisha yakaachwa. Ukipita leo unaona majani tu, na vyura wanaimba. Sisi tulichukua bwawa moja la namna hiyo, ambalo mwenzetu alituazima. Tulifyeka, tukatoa matope, tukaziba kingo zilizobomoka, tukanyunyiza chokaa, tukajaza maji. Kila mwanachama alitoa mchango wake. Tukanunua vifaranga wa ngege, na kambare wachache wa kula watoto wa ngege ili wasijae kupita kiasi.

Tulikuwa na shabaha moja. Mwenzetu mmoja alifariki akaacha watoto wawili katika sekondari. Tulikubaliana kwamba mavuno ya kwanza yalipe karo yao ya muhula wa tatu. Kwa hiyo ngege wale hawakuwa samaki tu. Tulikuwa tumetoa ahadi mbele ya mjane.

Juma la Julai

Ilikuwa mwezi wa Julai. Samaki walikuwa wamefika ukubwa wa kiganja, na wengine zaidi. Kukaja siku tano za mawingu mazito. Jua halikuonekana, asubuhi watu walitembea na masweta. Tuliona samaki hawali vizuri. Pumba zilielea, kisha zikazama. Na sisi tulifanya nini? Tukaongeza chakula! Tulisema, labda wana njaa, maana Agosti inakaribia na hawajanenepa. Tena tukamwaga ndoo kadhaa za samadi mbichi, tukidhani maji yatakuwa ya kijani zaidi.

Siku ya tano jioni ilinyesha mvua kubwa ya baridi, yenye mawe. Kulipopambazuka, kijana wa zamu alikuja mbio akipiga kelele. Tulikuta bwawa limekuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Waliobaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, kama watoto wanaolia. Tulihesabu waliokufa tukafika mia nne na zaidi, kisha tukaacha kuhesabu. Wakubwa ndio waliokuwa wengi.

Sasa sikilizeni kosa letu. Juma moja kabla ya hapo tulikuwa tumegombana na jirani yetu, mzee mmoja, juu ya mfereji wa maji. Basi mtu mmoja akasema, "Hii ni sumu." Mwingine akasema, "Si tulimwona jana akipita hapa?" Kabla ya saa mbili asubuhi tulikuwa watu kama thelathini uani kwa mzee yule, wengine wana fimbo. Mzee akatoka na mswaki mkononi. Akauliza, "Wanangu, mimi nimewakosea nini?" Hakuna aliyemjibu vizuri. Watu walikuwa wanapiga kelele tu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mzee wa kikundi chetu, ambaye alikuwa amebaki bwawani. Alikuja polepole akasimama katikati, akasema, "Nyinyi mnasema sumu. Mbona kambare ni wazima? Mbona vyura wanaruka? Hii sumu inachagua?" Watu wakanyamaza. Mmoja mmoja tukarudi nyumbani, lakini hatukuomba msamaha siku hiyo. Tuliona aibu.

Tulivyoelezwa

Siku ya pili tulimwita afisa wa samaki wa kaunti. Alitazama bwawa, akaonja harufu ya matope, akauliza maswali: Samaki walikufa saa ngapi? Wakubwa au wadogo? Hali ya hewa ilikuwaje? Mlilisha nini? Kisha akasema, "Samaki wenu wamekosa hewa."

Alitueleza hivi, na tangu hapo tumeona wenyewe kwamba ni kweli.

Samaki huvuta hewa iliyo ndani ya maji. Mchana, ule ukijani wa majini hutengeneza hewa kwa nguvu ya jua. Usiku hautengenezi, nao huvuta hewa pamoja na samaki. Ndiyo maana hewa huwa chache kabisa kabla ya jua kuchomoza. Siku moja ya mawingu si neno. Siku tano za mawingu, hewa inayotumika usiku hairudishwi yote mchana, na deni linakua kila siku. Juu ya hayo, pumba zisizoliwa na samadi mbichi huoza chini, na kitu kinachooza pia hula hewa.

Kisha inakuja mvua ya baridi. Maji ya juu yakipoa huwa mazito, yanazama, na maji ya chini yanapanda. Yale ya chini ndiyo mabaya, hayana hewa na yana uvundo wa matope. Bwawa limepinduka usiku mmoja, na samaki hawana pa kukimbilia.

Na kambare je? Kambare ameumbwa na kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kama sisi. Ngege hana. Kwa hiyo ukiona ngege wamekufa alfajiri, wakubwa wakitangulia, na kambare na vyura ni wazima, usitafute mchawi wala adui. Tafuta hewa. Sumu kwa kawaida haichagui namna hiyo. Huua wadogo na wakubwa, hata wadudu wa majini, tena saa yoyote.

Tulimwuliza pia, je, ni baridi yenyewe iliyowaua? Akasema hapana. Ngege hupenda maji ya joto, kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Maji yakishuka chini ya 20 hula kidogo na hukua polepole, na yakikaribia 10 hufa. Hapa kwetu hayafiki huko. Wanaoishi penye baridi kali, kama kwenye mito ya Mlima Kenya, hufuga trauti, samaki wa maji baridi.

Kule Ulaya na Marekani ya kaskazini bwawa hufunikwa na barafu mwezi mzima au zaidi. Samaki wao hutulia chini, na wenye mabwawa huacha kuwalisha kabisa. Tena huhakikisha kuna tundu katika barafu ili hewa mbaya itoke. Hawapigi barafu kwa nyundo, kwa sababu mshindo huumiza samaki. Huyeyusha tundu kwa maji ya moto. Kumbe wao na sisi tuna somo lile lile: maji yakipoa, punguza chakula, na fungua njia ya hewa.

Tunavyofanya sasa

Haya ndiyo tuliyoandika katika daftari la kikundi. Hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, kina. Upande wa kina tunaweka mita moja au zaidi kidogo, na upande mwingine nusu mita. Maji yenye kina hayapoi upesi, na wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, hayakauki upesi.

Pili, jua. Tulikata matawi yaliyofunika bwawa. Hatupandi mikaratusi karibu. Inakunywa maji na majani yake yanaanguka ndani.

Tatu, chakula. Siku za jua tunalisha saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mahali pale pale. Siku za baridi tunalisha mara moja tu, saa sita hivi, maji yakishapata joto kidogo. Tunatupa konzi chache na kungoja. Kisichokwisha kwa dakika kumi na tano ni kingi mno. Samaki wakiwa juu wanahema, hawapewi kitu.

Nne, samadi. Hatumwagi tena samadi mbichi katikati ya bwawa. Tumejenga kizizi cha miti kwenye pembe, mbolea inakaa humo na kuoza polepole. Mawingu yakizidi siku mbili hatuongezi chochote.

Tano, mkono. Kila juma mtu wa zamu huingiza mkono majini, kiganja kimekunjwa. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi; acha mbolea, ingiza maji mapya. Ukiona kiganja hata maji yakipita kiwiko, mbolea ni kidogo. Kama ni rangi ya tope tu, kipimo hicho hakisaidii. Tafuta kwanza tope linatoka wapi.

Sita, zamu ya alfajiri. Hii ndiyo kubwa. Katika miezi ya mawingu na mvua, mtu mmoja huenda bwawani saa kumi na moja na nusu asubuhi. Akikuta samaki wanahema juu, anaita wenzake. Tunafungua maji mapya yaingie kwa kuanguka kutoka juu, yapige jiwe au ubao yatawanyike. Tunafungua bomba la chini maji mabaya yatoke. Kama hakuna maji ya mfereji, tunachota kwa ndoo na kumwaga kutoka juu, tena na tena, bila kukoroga matope, mpaka jua litoke. Ni kazi ngumu, lakini ni saa mbili tu. Mwaka uliofuata tulifanya hivyo asubuhi tatu, na hatukupoteza samaki hata ishirini.

Saba, wavu na njia ya mafuriko. Mvua kubwa hujaza bwawa hadi ukingo ukatike. Tumeweka njia ya maji ya ziada yenye wavu, maji yatoke na samaki wabaki.

Juu ya yule mzee

Mtauliza, na karo je? Samaki waliobaki tuliwavuna mwishoni mwa Agosti. Pesa hazikutosha. Tulichanga upya, kila mtu kwa uwezo wake, wengine kuku, wengine debe la mahindi. Watoto walirudi shule wamechelewa siku tisa. Hilo bado linatuuma.

Na mzee? Baada ya wiki mbili tulikwenda kwake, wanachama wote, bila fimbo. Mwenyekiti alisema mbele ya jamaa yake kwamba tulimsingizia. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nimesikia. Lakini nyinyi mlikuja watu thelathini kunishtaki, na wajukuu wangu waliona. Semeni haya mbele ya watu vile vile." Kwa hiyo tulisimama katika baraza la naibu wa chifu tukasema. Na leo tunasema tena hapa Mundika, kwa sababu alitutaka tuseme kila mahali tutakapozungumza juu ya bwawa hilo. Amesamehe, lakini mke wake bado hachoti maji kwa njia ya kwetu. Hatumlaumu.

Ndugu zetu, kuna mabwawa mengi yaliyoachwa kutoka hapa mpaka Samia. Chukueni, fufueni. Lakini kabla ya kununua vifaranga, pangeni zamu ya alfajiri na kubalianeni ni nani atakayeamka. Na siku mkikuta samaki wamekufa, kabla hamjataja jina la mtu yeyote, tazameni kwanza kambare.

 Wanaotaka kuona kile kizizi cha mbolea, baada ya chai tutakwenda pamoja bwawani.