Usingizi wa Mwanafunzi Si Uvivu

(Hotuba ya mwalimu mstaafu mbele ya mkutano wa wazazi wa shule ya bweni)



Nimeombwa kusema machache kabla mkutano huu haujaamua jambo moja: watoto wetu waamshwe saa kumi za usiku wapate kusoma, au waachwe walale mpaka saa kumi na mbili za asubuhi. Nimewasikia wazazi wengine wakisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba mtoto apendaye kulala hafiki mbali. Maneno hayo nayajua sana, kwa maana mimi mwenyewe niliyasema miaka mingi.

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni, ndimi niliyepita na kengele saa kumi za usiku. Taa zilizimwa saa tano. Kijana mmoja, aliyewashinda wote kwa bidii, hata saa hizo chache hakuzilala. Alijifunika blanketi akasoma kwa kurunzi. Nami nilipojua, badala ya kumkataza, nilimsifu mbele ya wenzake. Siku ya mtihani wa hesabu aliandika jina lake, akajibu swali la kwanza na la pili, kisha akalaza kichwa juu ya meza. Msimamizi alimwamsha mara mbili, lakini muda ukaisha. Alipotoka nje aliniambia, “Mwalimu, jana njia zote nilizijua. Leo sikuziona.” Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile nikaanza kutafuta maarifa juu ya usingizi, na hayo ndiyo niliyowaletea leo.

Watu wengi hudhani kwamba mtu alalapo ubongo wake huzimika kama taa. Sivyo hata kidogo. Mfano wake ni mavuno. Mchana kutwa mahindi huletwa uwanjani yakarundikwa. Jioni lazima wawepo watu wa kuyachambua na kuyatia ghalani; wasipokuwapo, mvua itayakuta nje. Masomo ya mchana ndiyo mahindi, na usingizi ndio wakati wa kuyatia ghalani. Mtoto asiyelala huleta mavuno kila siku, lakini ghala lake halijai.

Jambo hili lilianza kupimwa zamani. Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza habari za wanafunzi 2 waliojifunza kwa moyo orodha za silabi 10 zisizo na maana. Walipolala saa 8 baada ya kujifunza, walikumbuka zaidi ya nusu. Walipokaa macho kwa muda ule ule, walikumbuka kama silabi 1 tu. Wataalamu wengi wamelichunguza jambo hilo tangu hapo, nao wameona kwamba usingizi husaidia kumbukumbu kukaa imara.

Tena usiku wote si wa namna moja. Mwaka 1953, Aserinsky na Kleitman wa Chicago walieleza kuwa uko usingizi ambao ndani yake macho huchezacheza chini ya kope, na ndipo ndoto nyingi hutokea. Usingizi huo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na sehemu yake kubwa huja karibu na mapambazuko. Basi kengele ya saa kumi haimpunguzii mtoto usingizi tu. Humnyang’anya hasa ule ulio mwingi mwishoni mwa usiku.

Mzazi mmoja ameniuliza, “Kwa nini wasilale mapema?” Swali hilo ni zuri. Lakini mtoto aingiapo katika ujana, saa iliyomo mwilini mwake husogea mbele. Usingizi humjia kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo, wala hilo si ukaidi. Naye kijana wa umri huo ahitaji saa 8 mpaka 10 kila usiku.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo tulipodanganyika. Twasema, “Mbona wamezoea?” Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu wazima waliolazwa saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Siku zilivyozidi kwenda, akili zao zilizidi kuwa nzito, hata mwisho wakawa kama watu waliokesha usiku kucha. Lakini walipoulizwa, walisema wana usingizi kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba, na deni la usingizi hukua vivyo hivyo. Aliye na deni hilo halioni. Walio karibu naye ndio huona: hasira za haraka, makosa ya kijinga, kusoma ukurasa mmoja mara tatu.

Wala wasidhani watoto kwamba chai ya rangi, kahawa au miraa italipa deni hilo. Vitu hivyo humzuia mtu asisinzie, lakini haviwezi kufanya kazi ya usingizi. Ni kama kumfukuza mdai mlangoni, kesho atarudi.

Kwa habari ya sheria, Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilitaja wakati wa kulala katika shule za bweni: saa tatu na nusu za usiku mpaka saa kumi na mbili za asubuhi. Hizo ni saa 8 na nusu. Basi leo hatuombi upendeleo kwa watoto. Twaomba haki waliyokwisha kupewa.

Nanyi wazazi, likizo zijapo, yashikeni mambo haya nyumbani. Mtoto alale na kuamka kwa saa zile zile kila siku. Simu ilale chumba kingine. Chandarua kishushwe, na redio ipunguzwe sauti. Akiwa na kazi za nyumbani, apewe mapema, asianze kuteka maji saa nne za usiku. Na mtoto akoromaye kwa nguvu na kukatikiwa pumzi usingizini apelekwe kwa daktari.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu walisema: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Walikuwa na maana yao. Mimi naomba tulifuate neno hilo kama lilivyo, kengele ya saa kumi inyamaze. Yule kijana wangu alirudia mwaka mzima kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa langu. Sipendi mwalimu mwingine wa shule hii aje kusimama mahali niliposimama siku ile, akiwa hana la kujibu.