Jina Geni Kwenye Taarifa ya Benki
Jina la duka usilolitambua kwenye taarifa ya benki si ushahidi wa wizi. Jina linalofika benki mara nyingi ni la kampuni iliyosajiliwa, si la bangoni. Maduka ya Carrefour nchini Kenya, kwa mfano, yanaendeshwa na Majid Al Futtaim ya Dubai. Tarehe nayo huweza kuchelewa siku kadhaa baada ya ununuzi. Basi linganisha kwanza kiasi na risiti, hadi senti. Wapo watakaosema huko ni kumpa mwizi muda. Hofu hiyo ina msingi, kwani wezi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo. Lakini risiti hukaguliwa kwa dakika chache, na isipopatikana, ipigie benki simu siku hiyohiyo, kadi ifungwe. Benki nazo ziwadai wafanyabiashara jina ambalo mteja aliliona mlangoni.