Ile mashine haijue kama ulipoteza jana

(Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Katuba)

Leo sitasema juu ya umeme ao maji. Nataka tuseme juu ya zile mashine za falanga zenye kuwaka taa mulangoni mwa bistro, ambamo hata mtoto mwenye unifomu anaingizaka jetoni akitoka masomo.

Tunasikia: "Hii imekula tangu asubuhi, sasa itatapika." Hapana. Ndani kuna programu inayochagua namba kwa bahati kila unapobonyeza. Mashine haina kumbukumbu. Zile picha zinazozunguka zinakuonyesha tu kile kilichokwisha kuchaguliwa. Mbili zikifanana na ya tatu ikapita kidogo, usiseme "nilikaribia". Umepoteza, basi.

Asiyeamini afanye hesabu. Tuseme mashine imepangwa kurudisha 85 kwa kila 100. Una 5,000. Ukizichezesha zote mara moja, kwa wastani unabaki na 4,250. Si mbaya, eti? Lakini nani anaendaka nyumba hapo? Unazirudisha ndani. Mara ya tano ziko karibu 2,200. Mara ya kumi, chini ya 1,000. Hata haijakudanganya, njo kazi yake.

Mimi nilisoma hesabu miaka mitano na bado nilikalia kile kiti. Mama alinipatia 20,000 za kufotokopi dosye ya kazi. Nilimwambia dosye imepokelewa. Mpaka leo anauliza kama waliniita.

Ukitaka kucheza, fanya kama unanunua bia: toa falanga ambazo uko tayari zisirudi, simu yenye pesa iache nyumba, ukishinda toka. Usikope. Usifukuze zilizokwenda.

Lakini tusimubebeshe kijana peke yake. Kule Kenya (inchi, si komini yetu!), mwaka 2018 serikali ilikamata mashine za hivi na kuziteketeza. Shiye hatuombe moto. Tunaomba mtoto asikaribie, na mwenye mashine aandike juu yake, kwa namba kubwa, inarudisha ngapi kwa 100. Kama biashara yake ni safi, anaogopa nini?

Siku ya posho, saa tatu asubuhi, tutapita bistro kwa bistro kuuliza hilo swali, kwa heshima, bila kuvunja kintu. Wenye kuja wabaki hapa waandike majina.