Vichaka Vinapanda Mlima Kenya

(Mazungumzo kwa wakazi wa kaunti zinazouzunguka mlima)



Mzee aliyeutazama Mlima Kenya tangu utotoni hahitaji kuambiwa kwamba barafu imepungua. Barafu ya Lewis peke yake ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Lakini kuna badiliko jingine ambalo halionekani ukiwa barabarani: mimea nayo inapanda.

Juu ya msitu na mianzi kuna vichaka vya erika na nyasi za mafungu, kisha lobelia na senesio kubwa. Juu zaidi ni mawe, changarawe na barafu. Huko baridi hushika karibu kila usiku, na baridi hiyo ndiyo iliyoizuia mimea mingi isipande.

Watafiti kutoka Japani wamefuatilia kwa miaka mingi ardhi inayoachwa wazi na barafu ya Tyndall. Mwaka 1997 mabaki ya chui yalijitokeza barafu ilipoyeyuka. Yalipopimwa, ilibainika kuwa mnyama huyo alikufa yapata miaka 900 iliyopita.

Mmea wa kwanza kuingia kwenye ardhi hiyo ni senesio ndogo, ambayo huifuata barafu kila inaporudi nyuma. Kichaka kiitwacho helikrisamu, chenye miiba na maua makavu kama karatasi, hakikufanya hivyo. Mwaka 2006 kilikuwa bado mpakani mwa ardhi hiyo mpya. Kufikia 2009 kilikuwa kimevuka. Ardhi ilikuwa wazi zamani. Kilichobadilika, kwa maoni ya watafiti hao, huenda ni joto.

Hali hii haiko Kenya pekee. Kule Alaska, picha zilizopigwa kutoka kwa ndege miaka ya 1940, zikilinganishwa na za karibu mwaka 2000, zinaonyesha vichaka vimeongezeka kwenye ardhi ya baridi isiyo na miti. Vichaka hivyo hujitokeza juu ya theluji, na kwa kuwa rangi yao ni nyeusi kuliko theluji, hunyonya joto la jua na kuzidisha ujoto wa mahali hapo.

Je, kijani kikiongezeka si baraka? Si lazima. Mimea ya kileleni ikisukumwa na ile ya chini haina pa kuhamia, kwa maana mlima una mwisho. Pia, vichaka vya erika vikikauka huwaka upesi. Mwaka 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la nyanda za juu za Mlima Kenya. Kule Kilimanjaro, ukavu na moto vimeushusha mpaka wa juu wa msitu badala ya kuupandisha.

Hasara hiyo hushuka hadi bondeni. Maji mengi ya mito inayotoka mlimani hayatokani na barafu, bali na mvua inayonaswa na msitu, nyasi na udongo wa nyanda za juu, kisha kuachiliwa polepole. Ndiyo maji ya Tana na Ewaso Nyiro, yanayonywewa, yanayonyunyizia mashamba na kuzungusha mitambo ya umeme. Eneo hilo likiungua, mvua huteremka kwa kasi na udongo, na kiangazi mito hukauka mapema.

Mkazi wa kawaida hawezi kuizuia barafu isiyeyuke, lakini moto anaweza kuuzuia. Mrina asali ahakikishe moshi wake umezimwa kabisa kabla ya kuondoka. Anayeongoza wageni asiruhusu moto wa kuni huko juu. Anayeona moshi amwarifu chifu au askari wa msitu mara moja, bila kungoja mwingine aarifu. Na kila nyumba yenye mabati ikinge maji ya mvua, ili mto usitegemewe peke yake wakati wa kiangazi.