Kukaa Kando na Kujihesabu



Machi 2020, korona ilipoingia nchini, Serikali ilifunga shule. Watoto wengi walikaa nyumbani hadi tarehe 29 Juni. Nasi tukaacha kukutana kwa muda. Sanduku likabaki na kufuli zake tatu, kila mama kwake na mawazo yake, masika inanyesha.

Hapo wengi tukajiuliza: hivi, nakopa kwa shida au kwa kumwiga jirani? Na mbona miaka yote nasomewa hesabu yangu na mtu mwingine? Baadhi yetu tukawaambia watoto, "Haya mwalimu, nifundishe." Tukaanza na jina, tukaja kwenye tarakimu.

Tuliporudi, mama mmoja alipokea kitabu chake mkononi mwa katibu, akasoma kwa sauti: "Hisa zangu hizi, deni langu hili." Kimya, kisha vigelegele!

Wenzangu, ugonjwa haushukuriwi, wapo waliozika. Lakini tusingoje korona nyingine ndipo tukae na nafsi zetu. Kila mama ajitengee siku ya kujihesabu, na kitabu chake akisome mwenyewe.