Wazee Wawili Ni Nyumba Moja: Bima ya Afya kwa Mume na Mke Waliozeeka

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya bima ya afya na matibabu ya wazee. Sisi tunaofanya kazi ya maendeleo ya jamii tunapita nyumba nyingi, na kuna jambo moja tunalikuta karibu kila mahali. Mzee na mkewe wamebaki wawili. Watoto wako Nairobi, Mombasa au Nakuru. Ukiwauliza, "Mzee, bima mnayo?" wanajibu, "Iko. Kijana wetu hukatwa kwa mshahara." Ukimpigia kijana simu, naye anasema ndiyo, hukatwa kila mwezi, kwa hivyo wazazi wako sawa.

Kumbe hawako sawa. Bima ya kijana inamhudumia yeye, mkewe na watoto wake. Baba na mama hawamo. Na jambo hili hujulikana lini? Hujulikana usiku ule mama amefikishwa hospitali, karani anaangalia kwa kompyuta na kusema hapa hakuna malipo. Hapo ndipo ng'ombe anauzwa kwa bei ya hasara, na kipande cha shamba kinaanza kutajwa.

Kwa hivyo neno letu la leo ni hili: mbele ya bima, mume na mke waliozeeka ni nyumba yao wenyewe. Waandikishwe wenyewe, walipiwe wenyewe, na ifanyike wakiwa bado wanatembea.

MAMBO YALIVYOBADILIKA

Wengi wetu tulizoea kadi ya NHIF. Mfuko ule ulianza mwaka 1966, na wazee wengi waliolipa wanaukumbuka kwa wema. Lakini ulifungwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile sisi sote tunaita SHA, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023. Hata ukiwa ulilipa NHIF miaka thelathini, kadi hiyo haikulazi hospitalini leo.

SHA ina mifuko mitatu. Tuielewe vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huu ni wa zahanati na vituo vya afya, yaani level 2 na level 3, na pesa zake hutoka kwa serikali. Ukishajiandikisha tu, unastahili kutibiwa huko bila kulipa, hata kama hujatoa mchango wa bima.

Mfuko wa pili ndio bima yenyewe. Huu ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na matibabu ya hospitali kubwa, kuanzia level 4 kwenda juu. Hapa lazima mchango wa nyumba uwe umelipwa.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa makubwa ya kudumu. Mgonjwa wa saratani au figo akimaliza kiwango chake katika mfuko wa pili, huu wa tatu unaendelea kutoka pale.

Sasa mnaona, ndugu zetu. Kusema "nimejiandikisha" si sawa na kusema "nimelipa". Wazee wengi walijiandikisha siku ile chifu alipoita baraza, wakapata ujumbe kwa simu, wakarudi nyumbani wakijua mambo yamekwisha. Wana nusu ya safari tu. Zahanati watatibiwa. Wakihitaji kulazwa hospitali kubwa, shida iko palepale.

NI PESA NGAPI?

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Sisi wa shamba na biashara ndogo tunaulizwa maswali kuhusu nyumba yetu: paa ni la nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mna mifugo gani. Majibu hayo yanatoa kiasi ambacho nyumba itachangia. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hiyo ni ya nyumba nzima. Mume na mke hawalipi kila mtu yake.

Mkumbuke kwamba chini ya NHIF asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kwa mwezi, ambayo ni 6,000 kwa mwaka. Kwa hivyo nyumba maskini imepunguziwa. Tofauti ni kwamba siku zile mtu aliweza kulipa mwezi kwa mwezi, na sasa mchango unatakiwa wa mwaka mzima. Hiyo ndiyo inawaumiza wazee. Shilingi 3,600 kwa mara moja ni mbuzi. Lakini ukiigawanya kwa siku, haifiki shilingi kumi.

Yale maswali yajibiwe kwa ukweli na mwenye nyumba mwenyewe. Tumekuta wazee waliojibiwa na mjukuu aliyetaka kuonekana wanajiweza, wakapewa kiasi kikubwa wasichoweza. Kiasi kisipolingana na maisha yenu, msinyamaze. Nendeni ofisi ya SHA au Huduma Centre iliyo karibu mkaombe kiangaliwe upya.

Tena kuna neno kwa wanaostaafu. Mwalimu au askari anapostaafu, makato ya mshahara yanakoma. Asikae akifikiri bado ana bima. Mwezi huo huo ajiulize kuhusu nyumba yake kama sisi wengine.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Hapa ndipo tunataka mtusikilize sana, kwa sababu dawa ya ile pesa ya mara moja tunayo wenyewe. Si tuna merigoraundi?

Njia ya kwanza: nyumba ya wazee iweke shilingi 70 kila wiki kwa mweka hazina. Mwaka ukiisha ni 3,640. Wasizishike wenyewe, maana pesa iliyo mfukoni haikosi kazi.

Njia ya pili: kikundi kibebe wazee wake. Hebu tupige hesabu pamoja. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akitoa shilingi 25 kwa wiki, kwa mwaka kitakuwa na 39,000. Nyumba kumi za wazee kwa kiwango cha chini ni 36,000. Zinabaki 3,000 za nauli ya mgonjwa. Je, ni harambee ngapi za bili ya hospitali tulizochanga mwaka uliopita, na kila mmoja alitoa ngapi?

Njia ya tatu: wazee wa miaka 70 na zaidi walio katika Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi kila mmoja. Mume na mke wakitenga 150 kila mmoja, 300 ya mwezi imetimia. Lakini pesa hizo wakati mwingine huchelewa, kwa hivyo wasizingoje siku ya mwisho.

Pia mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa wale wasioweza kutoa yote mara moja. Kabla ya kuingia, ulizeni masharti yote na gharama yake.

Katibu aandike kwa daftari tarehe ambayo bima ya kila nyumba inaisha, na mwezi mmoja kabla ya hapo awakumbushe. Malipo yakifanywa, tazameni hali yenu kwa kupiga *147#. Usikubali neno la mtu wa sokoni anayesema, "Nipe pesa, nitakulipia." Watu wa namna hiyo wako, na wazee ndio wanaowatafuta.

NA BIMA ZA KAMPUNI?

Kuna watoto wanaotaka kuwanunulia wazazi bima ya kampuni. Ni jambo jema, lakini wasome kabla ya kutia sahihi. Kampuni nyingi zina umri ambao hazimpokei mtu mpya, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo bei inavyopanda. Waulize mambo matano. Mnapokea mtu mpaka umri gani? Mtamtoa akifika umri gani? Ugonjwa alio nao tayari, mtaanza kuulipia lini? Kiwango cha mwisho kwa mwaka ni kiasi gani? Na hospitali zenu ziko wapi, hapa kwetu au Nairobi tu? Majibu yawe kwa maandishi. Na hata wakinunua, ile ya SHA isiachwe.

MATIBABU MAZURI

Bima haimponyi mtu. Inafungua mlango tu. Magonjwa yanayowaangusha wazee wetu sana ni presha na sukari, na yote mawili hunyemelea kimya kimya. Mtu anasema hana shida, kisha siku moja upande mmoja wa mwili unalala.

Hapa jirani ni muhimu kuliko mbali. Mnamo Septemba 2023 serikali ilituma vijijini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Mhudumu wa kijiji chenu mnamjua. Mwalikeni kwa mkutano wa kikundi, apime wazee wote.

Mzee akikutwa na presha, achague zahanati au kituo kimoja na akishikilie. Awe na daftari lake la vipimo na dawa. Leo hapa, kesho kwingine, na kila mahali dawa mpya: hiyo inadhuru. Dawa ya presha haiondoi ugonjwa, inaushika usikimbie. Ukijisikia vizuri, ni kwa sababu unaimeza, basi usiiache. Na kama unakunywa miti shamba, mwambie daktari bila kuogopa.

Mume na mke wakumbushane. Tumeona nyumba ambapo mama anahakikisha mzee amemeza dawa zake, lakini yeye mwenyewe hajapimwa tangu mtoto wa mwisho azaliwe. Waende pamoja siku moja, nauli moja.

Tuseme ukweli pia: dawa hukosekana zahanati, na katika mwaka 2025 hospitali kadhaa za binafsi na za makanisa zililalamika kwamba malipo yao yamechelewa. Kwa hivyo kabla ya kumpeleka mgonjwa asiye mahututi, pigeni simu muulize kama wanapokea SHA na kama huduma hiyo ipo. Dawa ikikosekana, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni tu, kwa kuwa mara nyingi ile ya bei nafuu inafanya kazi ile ile. Nunueni kwa duka la dawa lenye leseni.

Lakini mgonjwa akiwa katika hatari, msipige hesabu. Kimbieni. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mambo mawili madogo yanaweza kuzuia huduma. La kwanza ni laini ya simu. Wazee wengi waliandikishwa kwa namba ya mjukuu, naye ameibadilisha. La pili ni alama za vidole. Mikono iliyoshika jembe miaka hamsini wakati mwingine mashine haiisomi. Yote mawili yajaribiwe wakati mtu ni mzima, na ulizeni kituoni kuna njia gani nyingine.

TUKITOKA HAPA

Wazee wetu hawakutulea kwa mkopo. Hatusemi kila kikundi kibebe mzigo kisichouweza, ila kila kikundi kinaweza kujua wazee wake ni nani na nani amelipiwa. Anzeni na nyumba tatu, hata mbili.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi za wazee wanaoishi wawili, au mmoja peke yake? Tuandike majina.

2. Kati yao, nani amejiandikisha tu, na nani amelipa? Bima yao inaisha lini?

3. Tukiweka pamoja michango ya bili za hospitali tuliyotoa mwaka uliopita, ingelipia bima ya nyumba ngapi?

4. Nani kati yetu ataongea na watoto walio mjini, na ataongea nao lini?